Mfupa wa Hoteli ya Ogada

Sigowet,
14 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Christabel,

Kabla hujasoma mbali, jua barua hii imetoka kwa mtu ambaye akikohoa asubuhi, wachuna chai wa mashamba matatu wanaweka vikapu chini waulize kama hoteli itafunguliwa. Sijisifu, nakuambia tu vile mambo iko. Wiki jana magari matatu yenye bendera yalisimama hapa sokoni, wakubwa wakashuka na suti zao wakauliza, "Ogada ndiye nani?" Nikasema ndiye mimi. Wakala maharagwe ya mfupa wakiwa wamesimama maana viti vilijaa, na mmoja wao akalia kidogo.

Salamu nyingi. Sisi wazima. Dorcus anasema goti limeanza kusikia dawa. Ng'ombe amezaa dume tena, la tatu mfululizo, sijui nilimkosea nini. Jua limekuwa kali, chai imekunja majani, na wale wa kununua majani mabichi wanakuja siku moja, wanaruka mbili. Mama yako Monicah alipita hapa Jumapili akitoka kanisa. Ni mzima, lakini aliniambia neno lililonifanya niweke kikombe chini.

Ati chuo huko Bomet kimekupa atachi, hayo mafunzo ya kazi, ya kusimama mesi ya wanafunzi na fulana ya kijani, ukiwaambia watoto wa watu wasile nyama. Nikamuuliza, "Kwani amefukuzwa masomo?" Akasema hapana, hiyo ndiyo masomo yenyewe. Christabel, mimi niliacha shule darasa la sita, na sikuacha kwa ujinga, niliacha kwa sababu mwalimu aliishiwa na vitu vya kunifunza. Lakini hata mimi najua mtu hahitaji kusomea kukosa nyama. Hapa Sigowet watu wengi wanajua hiyo kazi bila cheti.

Halafu mimi nikutumie picha moja ya mbuzi kwa WhatsApp, kwa mapenzi tu, wewe unanifungia. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Barua nampa Molly muuza dagaa wa omena, ambaye anapitia hapo kwenu akienda soko la Siongiroi. Mpe jibu akirudi.

Na ufikirie jina langu. Zack, kijana wa Onsongo, yuko hapo mwaka wa pili. Onsongo unamjua, yule nyapara wa wachuna chai anayekaa meza ya mlangoni. Zack akipiga simu nyumbani atasema nini? Kwamba mpwa wa Ogada wa mfupa anauza majani?

Ni mimi mjomba wako,
Ogada


Bomet,
3 Februari 2025

Kwa Anko Ogada,

Shikamoo. Nimefurahi goti la Anti Dorcus linaendelea vizuri, na pole kwa dume la tatu. Huku mimi ni mzima isipokuwa baridi. Mama nimeongea naye, amebadilishiwa shifti kiwandani, sasa anaingia asubuhi. Anasema usisahau jembe lake uliloazima.

Barua yako ilinifikia ikiwa na harufu ya omena na tarehe ya wiki tatu zilizopita. Sikukawia mimi, alikawia Molly. Halafu picha hazikuwa moja. Zilikuwa kumi na moja, siku moja, na ya mwisho ilikuwa kichwa cha mbuzi kimevaa miwani. Nilikuwa kwa mkutano na wakubwa wangu na simu ilikuwa mezani. Ndiyo maana nilikufungia na bado sijafungua.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Hakuna mtu nimemkataza nyama. Kazi yangu ni kuhakikisha kuna sahani moja ya mimea tupu hapa mesi, iwe tamu, iwe ya kushibisha, na wanafunzi waichague wenyewe. Tuko vyuo vitatu, kila chuo mwanafunzi mmoja. Muhula ukiisha watahesabu sahani. Wiki ya tarehe saba hadi kumi na moja Aprili lazima nifikishe sahani mia na hamsini kila siku. Nikifikisha, Bi Nyaberi, msimamizi wa mesi, ana nafasi ya kazi na ameniahidi. Nisipofikisha, mradi unahamishwa chuo kingine na mimi narudi kwa Mama kukaa. Unajua nimeomba kazi mara ngapi kabla ya hii. Wewe ndiye ulikuwa unanipeleka posta.

Jana walichagua sahani thelathini na nne, kati ya wanafunzi mia tisa. Wananiita Dada wa Majani. Mmoja aliniuliza kama nina ya kutafuna papo hapo au ya kubeba, kama miraa.

Kwa hivyo nakuomba kitu. Maharagwe yako. Nimeyala kila likizo tangu darasa la kwanza na sijawahi kuonja mengine kama hayo. Niandikie unavyoyapika, kila kitu unachotia, ila uache mfupa. Hayo mengine tu. Najua wewe ndiye unajua.

Mpwa wako,
Christabel


Sigowet,
22 Februari 2025

Kwa Christabel,

Huku wazima. Dorcus anakusalimia. Jembe la mama yako liko, mwambie linafanya kazi, halijalala. Mvua ilinyesha Jumanne kama ya kutania, matone sita. Nilihesabu.

Nimesoma ombi lako mara mbili, mara ya pili nikamsomea Dorcus kwa sauti, naye akanitazama vile huwa ananitazama. Maharagwe ya mfupa bila mfupa. Christabel, hiyo ni kama kuniomba nikutumie suruali yangu lakini niache miguu yake huku.

Labda hujui historia, kwa sababu wewe ulikuwa ukila tu. Mfupa ule ni paja la fahali wa Siongiroi. Fahali huyo mwaka wa 2004 alipigana na trekta ya kulima, na trekta ndiyo iliyorudi nyuma. Walipomchinja walikuwa wanaume kumi na wanane na visu vitatu vilikatika. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Wakaniuliza, Ogada, kwa kazi hii unataka nini? Nikasema sitaki ulimi, sitaki maini, nipeni mfupa wa paja. Tangu siku hiyo unachemka ndani ya sufuria yangu kila siku na mafuta hayajaisha. Daktari wa mifugo alikuja akaupima na fimbo yake, akatikisa kichwa, akaandika barua Nairobi. Mpaka leo hawajamjibu, wameogopa.

Jioni nauosha mwenyewe na kuutundika dirishani kwa waya, kila mtu auone akipita. Hakuna anayeugusa, hata Dorcus. Ni mtu mmoja tu aliyepewa ruhusa, Onsongo, siku alipomzika mama yake. Nilimwacha aufyonze kidogo. Akapangusa mdomo, akasema, "Ogada, mafuta bado yamo." Watu wote hotelini walimsikia.

Kwa hivyo ukiniuliza hayo mengine, hayo mengine ni ya kawaida. Unachemsha, unatia vitunguu, unatia nyanya, unatia vile vitu vya kawaida, unaangalia isiungue. Nimekupa siri yote. Lakini bila mfupa usiseme ni ya Ogada.

Ukitaka ushauri wa mtu mzima, waambie hao wakubwa wako wakupe kazi ya nyama.

Ogada


Bomet,
9 Machi 2025

Kwa Anko,

Shikamoo. Mama anasema jembe ni lake na si la kufanya kazi kwako. Nimefikisha hiyo salamu, sasa mnitoe katikati.

Nilipika vile ulivyoandika. Nilichemsha, nikatia vitunguu, nikatia nyanya, nikatia "vile vitu vya kawaida" kwa kubahatisha. Sahani ishirini na moja. Tumeshuka. Ishirini na moja, Anko, na mbili kati ya hizo ni zangu na za Aoko ninayekaa naye, ambaye alikula kwa huruma. Zack wa Onsongo alionja kijiko kimoja akasema mbele ya laini nzima, "Hii si ya kwenu. Ya kwenu inakuwa nzito, inashika ulimi. Hii ni maji yaliyopitiwa na maharagwe." Watu wakacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia ni nini.

Sikuulizi habari ya fahali. Sikuulizi trekta. Nakuuliza kitu kidogo ambacho mtu yeyote anayepika anaweza kujibu kwa mistari mitatu: ule uzito unatoka wapi? Ile harufu ya kukaangwa kabla ya maharagwe kuiva, ni ya nini? Nilipokuwa mdogo nilikuwa naisikia nikiwa bado huko barabarani, na nikiingia jikoni mlango unafungwa. Na sikuelewa kwa nini mbwa wenu alikuwa akilala chini ya huo mfupa dirishani bila hata kuinua kichwa.

Kama huwezi kuandika, nitakuja. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili sina kazi. Nitakaa jikoni nitazame tu, sitasema neno.

Zimebaki wiki nne.

Christabel


Sigowet,
18 Machi 2025

Christabel,

Usije. Jikoni kunapigwa lipu. Halafu Dorcus ana mafua ya kuambukiza. Halafu Jumamosi hiyo nina wageni kutoka Kedowa, watu wakubwa, siwezi kusema majina.

Mbwa wangu nimemfunza adabu, ndiyo maana hainui kichwa. Mbwa wa watu wengine wangelia.

Lakini sitaki mtoto wa dada yangu achekwe na kijana wa Onsongo. Kwa hivyo nampa Molly mkebe huu. Ndani kuna unga. Ni unga wa mfupa wenyewe. Nilikwangua kidogo upande wa juu, kazi ya siku mbili na tupa, mikono imevimba. Pika maharagwe yako, yakikaribia kuiva tia vijiko vinane vikubwa kwa sufuria ile ya mesi, koroga upande mmoja, uache yatulie. Na ile chupa ndogo ya maji ya kahawia, tia mwanzo kabisa maharagwe yakianza kuchemka. Usiulize ni nini, ni maji.

Sijampa mtu mwingine yeyote. Hata wale wa magari ya bendera waliomba nikakataa.

Ogada


Bomet,
29 Machi 2025

Kwa Anko Ogada,

Shikamoo. Mwambie Anti Dorcus pole kwa mafua, ingawa Molly anasema alimwona sokoni siku hiyo hiyo aliyopewa mkebe akibeba ndizi na hakupiga hata chafya moja. Lipu pia hakuiona.

Nikuambie kilichotokea na mkebe wako.

Nilijaribu kwanza kwa sufuria yangu ndogo, kwa kijiko kimoja. Aoko aliingia akauliza ni nani amekuja kututembelea, maana kumenukia kama nyumbani. Wasichana wa chumba cha pili wakaja na bakuli bila kuitwa. Yalikuwa yale yale, Anko. Mazito, yanashika ulimi. Nilikula nikaona ile meza yenu yenye mguu uliofungwa kamba.

Kwa furaha nikasahau ni unga wa nini, nikabeba bakuli moja nikampelekea Bi Nyaberi ofisini. Yeye ni Msabato, hajagusa nyama miaka kumi, na si mtu wa kusifu. Alikula kijiko cha kwanza akafunga macho. Alikula cha pili. Cha tatu kikiwa njiani akaniuliza, "Umetia nini humu?"

Ningefanya nini? Hapo ndipo nikakumbuka, nikamwambia, unga wa mfupa wa ng'ombe.

Alikiweka kile kijiko chini polepole. Akatoka nje akasukutua mdomo kwa bomba. Aliporudi hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema, "Christabel, watu wanakula sahani yako kwa sababu wanaamini kibao ulichoandika kwamba hakuna nyama. Mimi mwenyewe nimekiamini." Akaniambia niumwage ule unga wote, nikaumwaga akiniangalia.

Nimekasirika na sijui nianzie wapi kukukasirikia. Nilikuomba vitu visivyo na mnyama. Niliandika hivyo. Wewe ukaketi siku mbili na tupa ukikwangua mnyama unitumie. Ama hukusoma barua yangu, ama uliisoma ukaona ya kwangu ni mchezo na ya kwako ndiyo kazi. Kijana mmoja wa Kipsigis, Kiplimo, ana tumbo lililokatazwa nyama na daktari. Kila siku anasimama mbele yangu na sahani na kuniuliza, "Dada, hakuna nyama hapa, kweli?" Nataka kumjibu nikimtazama usoni. Hiyo tu ndiyo kazi yangu yote.

Bi Nyaberi amenipa mpaka ile wiki ya kuhesabu, kwa sababu nilisema ukweli nilipoulizwa. Jumatatu ya tarehe saba nitapika yale yale maji yaliyopitiwa na maharagwe. Ijumaa nitafunga begi. Usiniandikie habari ya fahali tena.

Christabel


Sigowet,
5 Aprili 2025

Kwa mpwa wangu Christabel,

Barua hii sitampa Molly. Nitakupa mwenyewe mkononi Jumatatu asubuhi, hapo getini, kisha nitaenda kusimama kando karibu na wale wa kuuza mahindi. Usinitazame ukiwa unasoma.

Salamu. Wazima. Jembe la mama yako nimelirudisha. Ng'ombe haongei na mimi.

Nilimsomea Dorcus barua yako. Nilipofika mahali pa yule mama kwenda kusukutua mdomo, Dorcus alifunga bomba la jikoni, akapangusa mikono, akasema, "Andika. Usipoandika wewe leo, nitaandika mimi, na mimi nitaweka yote." Nimeishi na huyu mwanamke miaka ishirini na sita, najua akisema yote ni yote. Afadhali niandike mwenyewe nichague maneno.

Ule unga ulioumwaga ulikuwa njugu. Njugu na simsim, sehemu tatu kwa moja. Unakaanga kavu kwa sufuria nzito mpaka ziwe rangi ya viatu vya kanisa, usiache hata kidogo kukoroga, zikilia unatoa. Ukizisaga zikiwa na moto zinakuwa uji, kwa hivyo ngoja zipoe. Hiyo ndiyo harufu uliyokuwa ukiisikia barabarani, na ndiyo sababu mlango ulikuwa unafungwa. Ile chupa ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unachuja majivu yake kwa maji, basi. Yanalainisha na kutia ile ladha. Mama yangu alipika hivyo kule ziwani wakati samaki walikuwa hawajaingia, ili tusiulize samaki wako wapi. Hakuna mnyama ndani. Sikukwangua kitu. Mikono ilivimba kwa kusaga.

Niliandika ni mfupa kwa sababu sikujua kuandika kingine. Na nilijua nikikuandikia njugu, Zack atasikia na kumpigia baba yake. Watu wananiita Ogada wa Mfupa hata kwa matangazo ya kanisa. Nyapara wawili walitoka shamba zile za mbali wakaacha hoteli saba njiani, wakaja kwangu, kwa ajili ya mfupa. Ukitoa mfupa kwangu unabaki na mtu mfupi mwenye sufuria. Nilifikiri nitakusaidia na nibaki vile nilivyo. Ndiyo nikakuharibia.

Sasa nimebeba debe moja la njugu zilizokaangwa na theluthi ya simsim, na galoni ya maji ya majivu. Inatosha siku mbili, na Dorcus anakaanga nyingine. Nimefunga hoteli wiki nzima, nimeandika mlangoni NIMEITWA CHUO KIKUU KUFUNDISHA, na usinikosoe hapo, niachie hiyo. Nitavaa aproni nisimame nyuma yako. Huyo Kiplimo akiuliza kama hakuna nyama, mjibu ukimtazama. Zack akiuliza mbona ladha ni ya mfupa wa Ogada, muite huyo mama msimamizi asikie, kisha unielekeze kidole, nitajibu mimi. Nitafanya mazoezi njiani. Nimebeba mfupa wenyewe kwa gunia, umwonyeshe yule mama, aushike, apumzike.

Maana hilo la mfupa ndilo neno lililobaki. Fahali hakuwepo. Mfupa wa kwanza nilinunua kwa bucha, na wiki ya kwanza tu mbwa aliondoka nao. Watu walikuwa wameshaanza kuuliza habari yake. Mwaka huo mashamba yalikuwa yaking'oa chai ya zamani, na wazee wakichukua visiki watengeneze viti. Nami nikachukua kimoja, cheupe, kigumu, chenye kichwa pande zote mbili. Nilichonga siku nne nyuma ya choo.

Ni mzizi wa chai, Christabel. Na yale mafuta aliyofyonza Onsongo akasema bado yamo ni ya alizeti. Huwa naupaka kila Jumapili usipasuke.

Mjomba wako,
Ogada